Soketi za Python: mbona kwenye laptopu yangu inakubali, dukani inakataa?

«Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa hapa Tanga, najifunza Python mwenyewe. Mjomba ana duka la jumla Ngamiani na stoo yake iko nyumba ya pili. Nikamwandikia programu ya soketi, yaani ya kompyuta mbili kuongea kwa mtandao: stoo wakitoa mzigo waandike, dukani hesabu ibadilike papo hapo. Nyumbani niliendesha seva (programu inayopokea) na klayenti (inayotuma) kwenye laptopu moja, haikuleta kosa hata siku moja. Tulipoipeleka dukani mambo yakaharibika. Seva iko kwenye kompyuta yenye Ubuntu (Linux), klayenti kwenye laptopu ya stoo yenye Windows 10. Kwanza ikaja WinError 10061, kwamba muunganisho umekataliwa. Rafiki akasema nizime fayawali, ule ulinzi wa mtandao wa kompyuta, nikazima, kosa likabaki. Nikabadilisha anwani kwenye seva, ikaunganika, lakini "sukari,40" na "mchele,15" zinafika zimeshikana, "sukari,40mchele,15", na orodha ndefu ya asubuhi inafika nusu. Nimepandisha namba ya recv, amri ya kupokea, kutoka 1024 hadi 65536, nimeweka time.sleep(0.5), ikatulia kidogo, ikarudia. Orodha yenye maziwa ya ng’ombe kuna siku inapita, kuna siku inaangusha seva kwa UnicodeDecodeError. Nikizima seva na kuiwasha naambiwa Address already in use. Stoo wakifunga programu, seva inachapisha mistari mitupu bila kikomo. Mtu mwingine anasema TCP, njia ya kusafirishia data ninayotumia, haifai, nihamie nyingine, UDP. Na mjomba anataka stoo yake ya Pongwe nayo iunganishwe kwa bando la simu. Ameshaanza kusema turudi kwenye daftari. Nianzie wapi?»

Marahaba, mwanangu. Anzia kwenye zile taarifa zinazoshikana na kukatika, kwa sababu hapo ndipo ulipo mzizi wa sehemu kubwa ya ulichonieleza. Hilo la 10061 ni dogo na tutalifikia. Na mwambie mjomba daftari liendelee kuandikwa sambamba na programu mpaka hesabu za pande zote mbili zilingane kwa wiki kadhaa. Mali ni yake, na ana haki ya kuwa na wasiwasi.

Unaiamini TCP kwamba inabeba ujumbe. Haibebi ujumbe. Inabeba baiti zilizopangana mstari, na ahadi yake ni moja: baiti zitafika zote, kwa mpangilio uleule ulivyoziandika, au utaambiwa muunganisho umekufa. Haikuahidi popote kwamba ukiita send, amri ya kutuma, mara mbili, upande wa pili utaita recv mara mbili na kupata vilevile. Fikiria simtanki la juu ya paa. Unapanda na kumwaga ndoo tatu, na aliye chini anafungua bomba anajaza alichonacho, kikombe au pipa. Maji ni yaleyale, hakuna tone lililopotea, lakini hakuna anayeweza kutazama kikombe akasema haya yalitoka ndoo ya pili.

Ndani ya kompyuta inakwenda hivi. Unapoita send, Python inazikabidhi baiti kwa mfumo endeshi, nao unaziweka kwenye akiba yake ya muda. Kutoka hapo mfumo ndio unaoamua zitoke lini na kwa vipande vya ukubwa gani. Ukituma vitu vidogo vidogo mfululizo, mara nyingi vinakusanywa viondoke pamoja. Ukituma kitu kikubwa, kinakatwa. Upande wa seva nako kuna akiba nyingine ya kupokelea. Seva yako ikiwa inachelewa kidogo, labda inaandika faili, baiti za sukari na za mchele zinarundikana pale, na recv inayofuata inazizoa zote kwa pamoja. Ndiyo «sukari,40mchele,15» yako.

Sasa unaona kwa nini laptopu moja ilikudanganya. Seva na klayenti zikiwa kwenye mashine moja, data haitoki nje. Inazunguka ndani kwa ndani, haraka na bila msukosuko wa hewani. Kwenye Linux njia hiyo ya ndani inaruhusu kipande cha hadi baiti 65,536. Waifai ya dukani kwa kawaida inaishia baiti 1,500, na ukiondoa vichwa vya IP na TCP, yaani maelezo ya usafirishaji, unabaki na 1,460 hivi. Orodha ya asubuhi yenye baiti 3,000 italazimika kusafiri kwa vipande vitatu, navyo vinaweza kupishana muda wa kufika. Ukiita recv kipande cha kwanza kikiwa kimeshafika na cha pili bado kiko njiani, unapewa kilichopo. Programu ilikuwa na kasoro ileile tangu nyumbani. Kilichokosekana ni mazingira ya kuifichua.

Kwa hiyo 65536 haikusaidii. Namba ile inasema «usinipe zaidi ya hapa». Haisemi «subiri mpaka ijae». Na time.sleep nakuomba uiondoe leo hii, kabla hujagusa kingine chochote. Inapunguza uwezekano wa taarifa kukutana, basi, na siku mtandao ukiwa mzito zitakutana tena. Dawa ya aina hii ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa sababu inakufanya uamini umepona.

Tiba yenyewe ni wewe kuweka mipaka. Kwa kazi yako, kila taarifa iishie na alama ya mstari mpya, na upande wa kupokea ukusanye baiti mpaka uione alama hiyo. Hivi:

akiba = b""
while True:
    kipande = mteja.recv(4096)
    if not kipande:
        break
    akiba += kipande
    while b"\n" in akiba:
        mstari, akiba = akiba.split(b"\n", 1)
        shughulikia(mstari.decode("utf-8"))

Kaa nayo taratibu, kwa sababu mistari hii michache inakuondolea matatizo kadhaa kwa mpigo. Taarifa mbili zikishikana, split inazitenganisha. Taarifa ikifika nusu, nusu hiyo inabaki ndani ya akiba ikingoja mwenzake. Na ule mstari wa «if not kipande» ndio unaoponya mistari mitupu isiyo na kikomo. Recv ikirudisha baiti sifuri, maana yake mwenzako amefunga upande wake kwa utaratibu na hakuna kitakachokuja tena. Haina maana ya «hajasema kitu bado», kwa kuwa asiposema kitu recv husubiri kimya. Seva yako haikujua kuaga. Mwenzake ameshaondoka, yenyewe ikaendelea kuuliza na kujibiwa tupu, mara maelfu kwa sekunde.

Tazama pia mahali decode, inayogeuza baiti kuwa herufi, ilipokaa: baada ya mstari kukamilika, wala si mara tu kipande kinapofika. Hapo ndipo maziwa ya ng’ombe yalipokuangushia seva. Kiswahili karibu chote kinaandikwa kwa herufi za baiti moja moja katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, kwa hiyo unaweza kukaa muda mrefu usilione tatizo hili. Lakini kile kialama kilichopinda cha ng’, ambacho simu na programu za kuandikia huweka zenyewe badala ya kile kilichonyooka, kinachukua baiti tatu. «ng’ombe» ina alama saba na baiti tisa. Mkato wa kipande ukiangukia katikati ya zile tatu, decode inapewa kipande cha herufi na inakataa, kwa haki kabisa. Siku orodha ikiwa ndefu au fupi kidogo, mkato unaangukia pengine na mambo yanapita. Ndiyo sababu ikawa leo hivi, kesho vile. Ukikusanya kwanza na kufasiri baadaye, umemaliza, kwa sababu baiti ya mstari mpya haitokei kamwe ndani ya herufi ya baiti nyingi ya UTF-8. (Ingekuwa inaanguka kila siku bila kukosa, ningeshuku jambo jingine: faili la orodha kuhifadhiwa kwa usimbaji wa zamani wa Windows, ambamo kialama hicho ni baiti moja, 0x92.)

Upande wa kutuma tumia sendall badala ya send. Send inaweza kupokea sehemu tu ya ulichoipa na kukurudishia idadi iliyopokelewa. Wanaojifunza wengi hawaitazami namba hiyo, na mkia wa orodha unapotea. Nakushauri pia kila mstari uwe JSON moja, muundo wa maandishi wa kupanga data. json.dumps hugeuza mstari mpya ulio ndani ya maneno kuwa alama nyingine, kwa hiyo hautachanganyika na mpaka wako. Siku ukitaka kutuma picha za risiti, mpaka wa mstari mpya hautafaa, maana picha inaweza kuwa na baiti yoyote ndani yake. Hapo utatanguliza urefu wa kitu kwa baiti nne, kisha kitu chenyewe, na mpokeaji atasoma mpaka idadi itimie. Urefu huo upime kwa baiti baada ya encode, usipime herufi. Na kamwe usipokee pickle, njia ya Python ya kugeuza vitu vyake kuwa baiti, kutoka mtandaoni. Anayekutumia pickle anaweza kuifanya kompyuta yako itekeleze anachotaka.

Turudi kwenye 10061. Kosa hilo limewapotosha wengi kukimbilia fayawali, na rafiki yako alikuwa na nia njema. Lakini limesema wazi: mashine uliyoiita imefikiwa, nayo imejibu kwamba kwenye poti hiyo, yaani mlango wenye namba ambao programu husikilizia, hakuna anayesikiliza. Nadhani seva uliipangia kusikiliza kwenye 127.0.0.1. Anwani hiyo ni ya mashine kujisemesha yenyewe, hakuna jirani anayeweza kuifikia. Ukiweka 0.0.0.0 inasikiliza kwenye kadi zote za mtandao, na naamini ndicho ulichobadilisha ikaunganika. Kwenye Ubuntu andika ss -ltn, amri ya kuorodhesha poti zinazosikilizwa, uone mwenyewe kama poti yako imeandikwa 127.0.0.1 au 0.0.0.0. Na fayawali ya laptopu ya stoo, kama ndiyo uliyoizima, iwashe tena, tafadhali. Kwa klayenti anayetoka nje kwenda kwa seva huwa haimzuii.

Kosa la kuisha muda, 10060, lina maana tofauti: umeita, hakuna aliyejibu lolote. Hapo shuku anwani iliyobadilika, fayawali inayomeza paketi (vipande vya data) kimya kimya, au waifai iliyowekwa ili vifaa visionane, kama zilivyo nyingi za wageni. Kwako ninavyoona litakuja siku ruta ya duka itakapoipa kompyuta anwani nyingine baada ya umeme kukatika. Ingia kwenye ruta, uiwekee kompyuta ya seva anwani isiyobadilika. Kumbuka tu kwamba seva ikihamia kwenye Windows dalili hizi zinachanganyika, kwa sababu fayawali ya Windows kwa kawaida hairudishi jibu hata kwenye poti isiyo na mtu, na utaona kuisha muda pale ambapo Ubuntu ingekataa. Usitegemee ping, amri ya kuuliza kama mashine ipo, kuamua. Ping haigusi poti. Kwenye laptopu ya stoo fungua PowerShell, utumie Test-NetConnection pamoja na -Port, itakuambia ukweli.

«Address already in use» ina sababu mbili, na inabidi uzitofautishe. Ya kwanza ni ya halali: upande unaoanza kufunga muunganisho hubaki ukiushikilia kwa muda, kwenye Linux sekunde 60, ili baiti zilizochelewa njiani zisije zikaingia kwenye muunganisho mpya kwa makosa. Seva ikizimwa na kuwashwa ndani ya muda huo inakataliwa. Kabla ya bind, amri ya kuipa seva anwani na poti yake, weka s.setsockopt(socket.SOL_SOCKET, socket.SO_REUSEADDR, 1). Fanya hivyo kwenye Ubuntu tu. Kwenye Windows chaguo hilo lina maana nyingine, linaweza kuruhusu programu mbili kukalia poti moja, na utatafuta taarifa zako usizione. Sababu ya pili ni seva ya zamani kuwa bado hai. Je, unaizima kwa Ctrl+Z? Hiyo haiizimi, inaisimamisha tu huku ikiwa imeshikilia poti, na setsockopt haitakusaidia kitu. Andika fg irudi mbele, kisha uizime kwa Ctrl+C.

Sasa nikuambie jambo ambalo hujauliza lakini linanitia wasiwasi kuliko yote uliyouliza. Sendall ikirudi bila kosa, klayenti yako inadhani duka limepokea. Haijui hivyo. Inajua tu kwamba mfumo endeshi wa laptopu ya stoo umezichukua baiti. Hata muunganisho wenyewe unaweza kukubaliwa na mfumo endeshi wa seva kabla programu yako haijaita accept, amri ya kumpokea mteja, na klayenti wa pili akatuma mzigo wake wote kwa seva ambayo bado imeshughulika na wa kwanza, bila kuona kosa lolote. Umeme ukikatika dakika hiyo, mifuko 40 ya sukari imetoka stoo na dukani haijaandikwa.

Kwa hiyo seva ijibu. Kila taarifa iwe na namba yake, seva ihifadhi kwenye diski kwanza, kisha irudishe mstari unaosema namba fulani imeandikwa. Klayenti asipopata jibu, atume tena kwa namba ileile. Seva ikiona namba ambayo imeshaiandika, isiandike mara ya pili, ijibu tu. Bila namba hizo, jibu likipotea njiani stoo itarudia na sukari itapunguzwa mara mbili, na lawama itamwangukia mtunza stoo asiye na kosa. Hili ni jambo la uaminifu wa watu, mwanangu, lipe uzito wake.

Pamoja na hilo weka settimeout, kikomo cha muda wa kusubiri. Laptopu ikizimika ghafla haitumi salamu ya kufunga, na seva itakaa kwenye recv ikimsubiri aliyeondoka. Mfumo una ukaguzi wake wa muunganisho ulio kimya, lakini kwa kawaida haujawashwa, na ukiuwasha kwenye Linux bila kurekebisha, unasubiri sekunde 7,200 kabla ya kuuliza mara ya kwanza. Saa mbili ni nyingi kwa duka. Klayenti atume mstari mfupi wa «nipo» kila nusu dakika, na seva ikikosa kusikia chochote kwa dakika mbili ifunge. Kwa kuhudumia wateja kadhaa kwa pamoja, thredi moja (njia ya kazi inayokwenda sambamba na nyingine) kwa kila mteja inakutosha kabisa. Hesabu ziweke kwenye SQLite, hifadhidata ndogo ya faili moja, badala ya kamusi (dict) inayochezewa na thredi zote.

UDP achana nayo kwa kazi hii. Ni kweli inatunza mipaka: unachotuma kwa mara moja kinafika kwa mara moja, kama kikifika. Lakini kinaweza kupotea, kikaja mara mbili, au cha nyuma kikatangulia, na wewe ndiye utakayelazimika kuyatengeneza yote ambayo TCP inakupa bure. Inafaa sauti na video za moja kwa moja, ambako kilichochelewa hakina faida tena. Mfuko wa sukari haupo kwenye kundi hilo.

Pongwe ni habari nyingine. Kampuni za simu kwa kawaida huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, na laini inapewa anwani ya ndani, mara nyingi ya familia ya 100.64. Simu au modemu ya namna hiyo inaweza kupiga kwenda nje, lakini haiwezi kupigiwa. Ikiwa duka nalo liko kwenye bando la simu, hakuna wa kumpokea mwenzake, na hakuna mstari wa Python utakaobadilisha hilo. Njia ya uhakika ni kukodi seva ndogo yenye anwani ya umma, duka na Pongwe wote waipigie. Wengine watakuambia ufungue poti kwenye ruta. Kwa programu ilivyo sasa nakukataza: taarifa zinasafiri wazi, na seva haimuulizi mtu nywila. Yeyote atakayeipata poti hiyo anaweza kufuta stoo yote ya mjomba.

Na hapa nikupe maoni yangu bila kuficha. Kwa kujifunza, endelea na soketi, ukamilishe kila kitu nilichokueleza, maana utaelewa mtandao kwa namna ambayo wengi wanaotumia maktaba za juu hawaielewi. Bind, listen, accept na recv zimetokana na 4.2BSD, mfumo endeshi wa Unix wa mwaka 1983, na hazijabadilika sana. Ukizielewa leo umezielewa kwa miaka mingi. Lakini kwa duka, hasa Pongwe ikiingia, ningetumia HTTP, lugha ya tovuti, kupitia Flask, maktaba ya Python ya kazi hiyo, pamoja na TLS ya kuficha taarifa njiani. HTTP nayo kwa kawaida inapita juu ya TCP ileile, ila mipaka imeshawekwa, majibu yameshapangwa, na makosa yake yameshakutwa na watu wengi kabla yako. Namba za taarifa nilizokuambia utazihitaji hata huko.

Mwite fundi wa mtandao aje dukani ana kwa ana ikiwa ruta ni ya mwenye nyumba na huna nywila yake, ikiwa Test-NetConnection inashindwa hata baada ya kuhakikisha anwani na 0.0.0.0, au ikiwa waifai inakatika yenyewe. Kati ya nyumba mbili zinazopakana, kebo moja inaweza kukumalizia usumbufu mwingi, na yeye ataona kama kuna njia ya kuipitisha salama. Na ikiwa mnapanga kuweka majina na madeni ya wateja ndani ya mfumo, tafuta mtu mzoefu aipitie programu kabla haijaanza kazi. Tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na mwenye kuwajibika atakuwa mjomba.

Ukirekebisha na bado ikagoma, niandikie tena. Niletee kosa lote kama lilivyochapishwa kuanzia neno Traceback, uniambie limetokea kwenye kompyuta ipi, na unibandikie majibu ya ss -ltn yaliyochukuliwa muda huohuo.